Namba iliyokaa bila kuonekana
Septemba 2015, kompyuta moja katika Chuo Kikuu cha Central Missouri, Marekani, iligundua namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo, yenye tarakimu 22,338,618, na hakuna binadamu aliyejua. Barua pepe ya taarifa haikutoka. Namba ikakaa kwenye seva hadi Januari 2016, ilipoonekana wakati wa matengenezo ya kawaida. Ndivyo ulivyo mradi wa GIMPS wa kusaka namba tasa kubwa, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996: maelfu ya watu wa kujitolea wanaacha kompyuta zao zipime namba moja baada ya nyingine, na karibu wote wanaambulia jibu lile lile, si tasa. Jibu hilo naliheshimu sana, maana kila namba iliyokataliwa inampunguzia mwingine kazi. Oktoba 2024 alitangazwa Luke Durant, mmoja wa watu hao wa kujitolea, kwa kugundua namba tasa ya tarakimu 41,024,320, na pongezi alizistahili. Ila magazeti yangewataja pia wale ambao mashine zao zimekesha miaka na miaka bila kupata kitu. Programu yenyewe ni ya bure, gharama ni umeme tu, na mwalimu wa hisabati mwenye kompyuta inayokaa bure usiku anaweza kujiunga leo hii.