Chaki Peke Yake Haitoshi

Liko jambo moja ambalo sisi walimu twalifundisha kwa namna inayotutia haya. Katika fizikia ya sekondari imo sura ya mionzi na chembe zilizo ndogo kuliko atomi. Twaingia darasani, twachora ubaoni mrija wa Geiger na Müller, twaandika majina ya sehemu zake, na watoto hunakili. Siku ya mtihani huchora vile vile nao hupewa alama zote. Sisi wenyewe tulifundishwa hivyo, katika shule ambayo hatutaitaja, tukashinda vizuri; na mrija wenyewe tuliuona mara ya kwanza tulipokuwa tumekwisha kuwa walimu. Hatukujua hata upande wa kuushika.

Basi mwaka jana tuliwaomba wazazi katika mkutano fedha ya kununua chombo kimoja cha kuhesabia mionzi. Bei yake haikufika bei ya ng'ombe. Tulikataliwa. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, kitu kisichoonekana utakihesabuje?" Watu wakacheka, na shauri likaishia hapo. Lakini swali lile ni jema, tena ndilo swali lenyewe la fizikia, nalo lastahili kujibiwa.

Kitu kisichoonekana huhesabiwa kwa alama kiachayo. Nyoka apitaye usiku hakuna amwonaye, lakini asubuhi njia yake iko mchangani. Charles Wilson, Mskoti, alikuwa juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894 akitazama mawingu, akatamani kuyatengeneza ndani ya chombo cha kioo. Mwaka 1911 alipata kuona ya kuwa chembe ikipita katika mvuke ule huacha nyuma yake uzi mweupe wa ukungu. Katika chombo cha namna hiyo Carl Anderson aliitambua positroni mwaka 1932. Leo watoto wa shule hukitengeneza kwa chupa ya kioo, kitambaa kilicholowa spiriti na barafu kavu. (Barafu kavu haipatikani kijijini kwetu, twakiri, ndiyo maana tuliomba mrija.)

Mrija ni kitu chepesi kueleza. Ndani yake mna gesi, na katikati waya wenye umeme. Chembe ikipita hung'oa elektroni katika gesi, umeme ukaruka kidogo, na chombo kikalia: tik. Uweke mezani bila kitu cho chote karibu nao, nao utalia. Hapo darasa zima hunyamaza. Nani anabisha hodi? Nyingine zatoka ardhini na katika mawe ya kuta. Nyingine zatoka juu, nazo ni muoni, zizaliwazo yapata kilometa 15 juu ya vichwa vyetu, mionzi ya anga za mbali inapoigonga hewa. Kiganja chako kilicholala mezani hupitwa na moja karibu kila sekunde, uwe tajiri au maskini.

Tena muoni haiishi. Umri wake ni kama sehemu mbili tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kwa muda huo, hata ikienda mbio kama nuru, ingalikwenda mita mia sita na kitu, ikafa juu mawinguni. Lakini yafika mezani petu. Sababu ni ile aliyoieleza Einstein mwaka 1905, ya kwamba kitu kiendacho mbio kupita kiasi, saa yake twaiona ikienda polepole. Mwalimu mwenye chaki aweza kulisema neno hilo, na mwanafunzi ataliandika. Mwanafunzi aliyesikia tik hataandika kwanza; ataudai ushahidi.

Wengine walisema chombo kitawaletea watoto saratani. Hapa tutasema kwa ukali kidogo. Chombo hiki hakitoi mionzi. Ni sikio tu. Nani amekatazwa sikio kwa kuogopa ngurumo? Miaka mingi watu waliwasha karabai majumbani na makanisani, na baadhi ya vile vifuko vya nyuzi viwakavyo ndani yake vilitiwa thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Wala hatukusikia mtu akiogopa. Vitu vikali vya mionzi hatuviombi. Hivyo vina sheria zake, na ni haki viwe nazo.

Na wako waliosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli, katika mji wa Canterbury, ambao Waanglikana wetu wanalijua jina lake, wanafunzi wa shule ya Simon Langton walikiona huko CERN, karibu na Geneva, kipande kidogo cha kupokea chembe kiitwacho Timepix. Wakabuni kwacho chombo wakakiita LUCID, nacho kikarushwa juu ndani ya setilaiti Julai 2014. Hatuwaombi ninyi setilaiti! Lakini walikuwa watoto wa sekondari kama wenu, na tofauti ni kwamba wao walipewa kitu mkononi.

Tena liko jambo ambalo sisi tunalo na Canterbury hawanalo. Zamani wataalamu walidhani mionzi yote yatoka ardhini. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda kwa puto mpaka kama mita 5,300 akiwa na vyombo vyake, akaona mionzi ikizidi kadiri alivyopanda. Mlima wetu Kilimanjaro una mita 5,895. Watoto wetu hawahitaji puto. Wahesabu Moshi mjini, kisha wapande na kuhesabu tena, wakikumbuka kwamba udongo na mawe navyo si sawa kila mahali. Kulichambua hilo ndiyo kazi ya darasa lenyewe.

Mkutano wa wazazi u karibu tena. Ombi letu limeandikwa la tatu, baada ya choo na lango la shule. Mzee aliyeuliza lile swali twamwomba aje mapema, aketi mbele. Tumeazima mrija kwa siku moja, nao utakuwa mezani ukilia kabla ya sala ya kufungulia.