Sentensi Kabla ya Kanuni

Mwanafunzi wa darasa la sita hapa Unguja hukutajia aina nne za sentensi za Kiingereza bila kusita: taarifa, swali, amri, mshangao. Mwambie aulize, kwa Kiingereza, mama karudi saa ngapi sokoni. Anakwama. Akili anayo, njia tunayompitisha ndiyo yenye kasoro, na toleo hili tumelitoa zima kwa ajili hiyo.

Mtoto wa Mkunazini akisema "Mama karudi" ametoa taarifa. Akipandisha sauti mwishoni, kwa maneno yale yale, keshauliza. Kiingereza aghalabu hakitosheki na sauti: kinataka kitenzi kisaidizi kimtangulie mtenda, na kama hakipo, kiazimwe. Kikishaazimwa hubeba chenyewe wakati uliopita, kitenzi kikuu kikabaki kitupu. Hapo ndipo wengi wanapoutia wakati huo mara mbili. Mwalimu aliyeanzia kwenye "Mama karudi?" ana pa kulionyeshea kosa. Aliyeanza kwa fasili ubaoni hana.

Amri nayo. Mnunuzi wa Darajani husema "Unipatie kilo mbili za mchele", na adabu yote imo ndani ya kitenzi. Mwingereza adabu hiyo huivika umbo la swali. Mgeni wa Forodhani anayemwuliza muuza urojo kama anaweza kupata bakuli moja, anaagiza. Mtihani unaotazama alama ya kuulizia peke yake unampa kijana maksi na kumwacha hajui aliloambiwa.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864 bila Kiswahili. Alikusanya hadithi kutoka vinywani mwa wenyeji, na mwaka 1870 zikachapishwa London, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake cha sarufi ya lugha ya hapa. Alikuja na malengo ya kanisa lake, hilo tunalijua. Lakini katika kujifunza alisikiliza sentensi nzima za watu. Watoto wetu tunawanyima hata hilo.

Na gharama yake haiishii kwenye somo la Kiingereza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Maswali ya mafumbo ya hisabati yamejaa sentensi za masharti. Mtoto anayesema "Angekuja ningempa" tangu hajaingia skuli ameshaiweza sentensi changamano. Sharti lake limo tumboni mwa kitenzi. Kiingereza hulitoa nje, likawa neno linalojitegemea na kishazi chake. Asipoonyeshwa hivyo, hesabu inamshinda kabla hajaigusa namba.

TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imesomesha wageni Kiswahili kwa miongo kadhaa, na walimu wake wanajua hasa lugha hizi mbili zinapoachana. Tunaitaka Wizara ya Elimu iwaite walimu hao waketi na wa skuli za msingi, Unguja na Pemba, kabla vitabu vya kiada havijachapishwa tena.