Pembe za ndovu za Bujumbura: kumbukumbu ambayo haijasomwa

Shehena za pembe za ndovu zilizorundikwa Bujumbura katika miaka ya 1980 hujadiliwa ama kama mali, ama kama ushahidi wa uhalifu. Utafiti wa vinasaba vya kale unaleta hoja ya tatu: pembe hizo ni kumbukumbu ya historia, na kumbukumbu hiyo yaweza kupotea kabla ya kusomwa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Namibia. Mwaka 2008 wachimbaji wa almasi walifukua mabaki ya Bom Jesus, meli ya Ureno iliyozama mwaka 1533 ikiwa safarini kuelekea India. Ndani yake mlikuwa na pembe zaidi ya 100. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wanasayansi walitambua koo 17 za ndovu wa msituni kutoka Afrika Magharibi. Kati ya hizo, ni nne tu zilizokwisha kuonekana kwa ndovu wa leo.

Siri ya kazi hiyo ni maisha ya ndovu wenyewe. Majike hubaki katika kundi la mama zao, na kuna sehemu ya vinasaba inayorithiwa kwa mama peke yake. Hivyo kila eneo huwa na alama zake, na unga kidogo wa pembe waweza kuonyesha mnyama alikozaliwa. Kwa mbinu zinazokaribiana na hizo, Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba sehemu kubwa ya pembe za ndovu wa savana zilizokamatwa katika shehena kubwa zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Hapa ndipo Bujumbura inapoingia. Mwaka 1986 Burundi, nchi iliyokuwa karibu kuishiwa kabisa na ndovu, iliorodheshwa kuwa na takriban tani 89 za pembe. Ni dhahiri kuwa ndovu hao waliuawa kwingineko. Burundi ilijiunga na mkataba wa CITES mwaka 1988, na marufuku ya biashara iliyopitishwa Lausanne mwaka 1989 ikaikuta bado ina makumi ya tani ghalani.

Kwa Waswahili wa Buyenzi na Rumonge, jambo hili si geni. Katika karne ya 19, pembe zilibebwa na wapagazi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kisha zikavushwa Zanzibar. Kwa njia hiyohiyo Kiswahili na Uislamu vilifika mwambao wa ziwa. Pembe za zama hizo zikageuzwa vitufe vya vinanda na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani, na nyingine zimo katika makumbusho.

Ili kujua pembe hizo za kale zilitoka wapi, watafiti wanahitaji vielelezo vya kulinganishia. Ndovu walio hai hawatoshi, kwa kuwa makundi mengi yamekwisha. Pembe za miaka ya 1980 zilitokana na ndovu waliouawa kabla makundi hayo hayajapungua zaidi. Zaweza kuwa daraja kati ya zama za misafara na zama zetu.

Maabara, hata hivyo, ina mipaka. Itataja alikozaliwa ndovu. Haitataja jina la mpagazi aliyebeba pembe yake, wala la mtumwa aliyefia njiani. Hayo yanabaki katika masimulizi ya wazee, nayo pia yanahitaji kuandikwa.

Iwapo akiba ya namna hii itauzwa, itateketezwa au itafungiwa, ni uamuzi wa serikali na mataifa. Lakini kuchukua sampuli ndogo kwanza hakumzuii yeyote kuamua. Pembe ikishakuwa majivu, haiwezi kuulizwa tena.