Alama ya Chama

Wanafunzi fulani, wenye nia ya kuanzisha chama cha kuwahurumia wanyama, wametuletea mchoro wa alama yao tuutazame. Tumehesabu ndani yake tembo, mbwa, mbuzi, kuku, jua, na mikono miwili iliyoshikana. Bidii twaisifu, lakini jicho letu halikujua litue wapi.

Mjini New York, mwaka 1866, Henry Bergh alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Alama yake ilionyesha farasi wa mkokoteni ameanguka, mwendeshaji ameinua rungu ampige, na malaika akija kumkinga. Hata asiyejua kusoma alifahamu ni nani ateswaye, ni nani mkosaji, na chama kimesimama upande gani. Tena farasi wa namna hiyo walikuwa wakikokota mizigo kila siku katika njia za mji ule. Mwenye rungu aliweza kujiona mwenyewe!

Chama cha WWF, kilichozaliwa mwaka 1961 ili kuhifadhi wanyama wa porini, kilichagua mnyama mmoja tu: panda, dubu wa Uchina. Peter Scott alimchora kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwani hivyo gharama ya kuchapa hupungua. Neno hilo lawafaa wenye mfuko mdogo.

Basi, wapenzi, tembo mwacheni. Ni nani kwenu ampigaye tembo? Nendeni sokoni mkawatazame kuku wachukuliwao vichwa chini, miguu imefungwa, tangu alfajiri. Mchoreni kuku huyo, na mkono unaomwinua kichwa juu. Wino wa rangi moja watosha.