Oili ya Staa Isikuulie Klachi

Wadau, kuna mastaa, majina kapuni, wanaposti picha na dumu la oili ya gari, na madogo wa boda wa Posta na Kariakoo wanaiga. Mimi napinga! Kwenye Boxer au TVS yako, klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za kisasa za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi ikikosa msuguano inateleza: injini inapiga kelele, pikipiki haivuti, pleti zinaungua. Staa haji kukununulia pleti, na hesabu ya bosi haisubiri. Dukani usiishie kwenye 20W-50, huo ni uzito tu. Tafuta JASO MA au MA2. MB waachie wenye skuta. Wewe unaweka ipi, mdau?