Bahari Yetu: Msimu wa Nyangumi

Mwezi wa saba umefika. Pepo za kusi zinavuma na bahari imechafuka. Wavuvi wanalalamika, na wana haki. Lakini katika miezi hii wageni wakubwa kuliko wote hupita mbele ya pwani yetu. Wageni hao ni nyangumi.

Kwanza tuelewane. Nyangumi si samaki. Anavuta hewa kama wewe, na anamnyonyesha mtoto wake. Utamtambua kwa mkia. Mkia wa samaki umesimama, nao hupiga kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi umelala, nao hupiga juu na chini. Kwa hiyo papa potwe, yule mwenye madoa anayeonekana karibu na Kilindoni, Mafia, ni samaki, ingawa wengine wanaipita ngalawa kwa urefu.

Nyangumi wengi wanaoonekana kwetu ni wa aina yenye nundu. Urefu wake hufika mita 15. Uzito wake hufika tani 30, yaani kupita mzigo wa malori manne ya tani 7. Anatoka mbali sana kusini, kwenye bahari ya barafu. Huko hula vidudu vya baharini mfano wa uduvi, mpaka ananenepa. Kisha huja kwenye maji yetu ya vuguvugu kuzaa. Mimba yake ni ya miezi 11 hivi. Huzaa mtoto mmoja, mwenye urefu wa mita 4.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Kwa miezi yote hiyo mama huyo hali karibu kitu chochote. Anaishi kwa mafuta ya mwili wake, na maziwa ya mtoto yanatoka humo humo. Akikimbizwa na boti, mafuta hayo yanapungua bure, na safari ya kurudi kusini bado inamngoja.

Zamani watu wa nchi nyingi waliwawinda kwa ajili ya mafuta, wakakaribia kuwamaliza. Mwaka 1963 ilikatazwa kuwinda aina hii katika bahari za kusini. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa mahali pa kuwahifadhi nyangumi. Tangu hapo wameongezeka.

Leo watu hulipa fedha ili wawaone tu. Huko Watamu, Kenya, boti huwapeleka wageni nje ya mwamba kuwatafuta. Wageni wengine hutapika njia nzima, maana kusi halina adabu. Lakini nyangumi mmoja akiruka juu ya maji, kichefuchefu husahaulika. Kwetu Kizimkazi, Unguja, zamani wavuvi walikamata pomboo wawe chambo cha papa. Kuanzia miaka ya 1990 pomboo hai amekuwa riziki ya wenye boti.

Hata hivyo, riziki hiyo inaweza kuharibiwa na pupa. Boti nyingi zikizunguka kundi moja, pomboo huzama na kuhama. Mgeni asiyeona kitu hatamsifu nahodha. Nahodha mwema huenda polepole, kwa ubavu, si kwa mbele wala kwa nyuma. Hukaa mbali kiasi cha mita 100 na nyangumi. Hapiti kamwe kati ya mama na mtoto. Boti nyingine ikiwa imetangulia, husubiri zamu yake.

Wewe unayejua kusoma na kuandika una kazi nyingine. Chukua daftari. Ukimwona nyangumi, andika tarehe, saa, mahali, na idadi yao. Je, walikuwa na mtoto? Kama kuna mwenye simu ya kupiga picha, apige upande wa chini wa mkia unapoinuka. Mabaka yake meupe na meusi hayafanani na ya mwingine, kama alama ya dole gumba tuliyokuwa tukiweka kabla ya kujua kuandika. Kwa mabaka hayo wataalamu humtambua nyangumi akirudi mwaka mwingine. Mpelekee Bwana Samaki daftari lako.

Kuna hatari moja zaidi, nayo ni jarife. Nyangumi na pomboo hawalioni vizuri usiku. Wakinaswa wanashindwa kupanda kuvuta hewa, nao hufa maji. Mvuvi naye hupoteza nyavu alizozinunua kwa taabu. Ukisikia nyangumi wako karibu, afadhali utege mahali pengine usiku huo. Ukimkuta amenaswa, usijitose majini. Pigo moja la mkia linavunja mtumbwi. Kaa mbali, shika alama za mahali, kisha umpashe habari upesi Bwana Samaki au kamati ya wavuvi ya kijiji.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kasa na mayai yake.