HIVI MTATISHWA NA MLIO WA REDIO MPAKA LINI?

Kuna huyu bwana mwenye wafuasi kibao. Kila akikosa kiki anarusha klipu ileile: giza, redio inatoa mlio "bzzz... bzzz...", halafu maandishi mekundu, "UKIZIMIKA HUU, DUNIA KWISHA!" Chini watu wanaandika "Mungu tuhurumie", wengine wanawatumia mpaka mama zao. Safari hii dada mmoja wa mambo ya urembo naye kadakia, eti ni majini yanaongea.

Majini gani ya kukaa kilohezi 4625? Mlio huo unatoka Urusi, na wasikilizaji wa masafa mafupi wanaujua tangu miaka ya 1980. Unalia mara 25 hivi kwa dakika, usiku na mchana, na mara mojamoja anaingia mtu anasoma majina na namba kwa Kirusi. Wanaoufuatilia wengi wanaamini ni mtambo wa jeshi. Na hiyo ya makombora kujifyatua mlio ukikatika? Mwaka 2010 ulikatika, kesho yake watu wakaenda kazini kama kawaida. Januari 2022 wahuni wakavamia masafa hayohayo wakapiga Gangnam Style! Klipu hiyo bwana mkubwa haiweki, maana nani ataogopa?

Kinachokera zaidi, stori ya kweli ipo na inasisimua kuliko uongo wake. Cuba ilikuwa ikisoma namba hewani kwa Kihispania, tano tano. Yeyote mwenye redio alizisikia, ila mwenye ufunguo tu ndiye aliyeelewa. Mmoja wa waliokuwa wakizipokea alikuwa mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani, mtu na heshima zake ofisini. Alikamatwa Septemba 2001, mwaka uliofuata akapigwa miaka 25 jela. Na redio yenyewe ni ya dukani tu, kama ile ya babu ya kusikilizia taarifa ya habari. Hapo jini yuko wapi?

Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ya masafa mafupi mtandaoni, bure kabisa. Fungua usiku, maana mawimbi haya husafiri mbali zaidi jua likizama, weka 4625 usikilize. Dakika tano tu utakuwa umeshauchoka, utalala zako. Sasa bando la kumtazama yule bwana akiwatisha mama zenu mnanunua la nini?